Ukikaribia Kona, Toka Pembeni

Ushauri wa kwanza anaopewa anayejifunza baiskeli Mwanza ni huu: kaa pembeni. Mzazi husema hivyo, mwalimu husema hivyo, na konda wa daladala husema hivyohivyo huku ananing'inia mlangoni, ingawa yeye hutumia maneno makali zaidi. Ushauri huo una maana yake. Ukitoka Buhongwa kuelekea Usagara, malori ya Shinyanga yanakuja mbio na mwenye baiskeli hana sababu ya kujitia katikati. Tatizo ni kwamba watu huubeba ushauri huo bila kuutua hata wanapofika njia panda. Pale Nyegezi Kona, pale Kona ya Bwiru, pale Igoma, na kwenye kila mdomo wa barabara ya mtaa inayoungana na barabara kubwa, pembeni panageuka kuwa mahali pabaya kuliko pote: ubavuni kushoto mwa gari ambalo baada ya sekunde moja litakata kushoto. Makala haya yana hoja moja tu. Hatari ambayo mwenye baiskeli anaweza kuipunguza kwa akili yake mwenyewe kuliko zote ni ile ya gari linalokata kona, na anaipunguza kwa kuchagua mahali pa kuwa mita 20 au 30 kabla ya kona hiyo. Kofia ngumu na kengele ni vitu vizuri, lakini vinakuja baadaye.

Tuanze na hesabu ndogo. Baiskeli ya Phoenix yenye karia na mzigo wa kiasi huenda kama kilomita 15 kwa saa kwenye tambarare, yaani mita 4 na kidogo kila sekunde. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo kwenye makazi ya watu hapa nchini, hula karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva akikupita kwa mwendo huo, kichwani mwake umeshabaki nyuma na habari yako imekwisha. Anachosahau ni kwamba ili akunje kushoto itambidi ashuke hadi mwendo wako, pengine chini yake. Akikupita karibu na kona, au akisita kidogo kukwepa shimo au kumpisha mtembea kwa miguu, ule mwanya alioupata unaliwa wote, na wewe uliyekuwa unanyoosha bila kupunguza unamfikia ubavuni wakati anazungusha usukani. Hakukusudia kukuonea. Alikuweka kwenye orodha ya vitu vilivyokwisha kupitwa, na akili ya binadamu ni mvivu wa kurudia orodha hiyo. Kwenye mteremko mambo huharibika zaidi. Baiskeli inayoteremka kutoka upande wa Bugando inaweza kufika kilomita 30 kwa saa bila mtu kukanyaga pedali, ilhali dereva bado anaikadiria kama kitu cha polepole, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyozoea kuiona baiskeli.

Ongeza hapo umbo la gari lenyewe. Sisi tunaendesha kushoto, na dereva hukaa kulia. Upande wa kushoto ndio ulio mbali naye kabisa, na ili auone anategemea kioo kimoja kidogo kilicho nje ya dirisha la abiria, ambacho mara nyingine kimepinda au kimefungwa kwa waya. Katika Fuso au semitrela, dereva amekaa juu sana kiasi kwamba mtu mwenye baiskeli aliye chini ya mlango wa kushoto haonekani dirishani wala kiooni. Anayeweza kumwona ni utingo, kama yupo na kama hajasinzia. Lori refu lina jambo jingine linalowadanganya wengi. Ili tela lisipande ukingo wala kutumbukia mtaroni, dereva husogea kwanza kulia, kisha hukata kushoto. Kwa aliye nyuma yake na baiskeli, kule kusogea kulia kunafanana na kukaribishwa: njia imefunguka, pita. Akiingia, kichwa cha lori kinapinda, na matairi ya nyuma hayafuati nyayo za matairi ya mbele. Yanakata ndani zaidi, yakifagia kila kilichopo kati ya lori na ukingo. Ukiona lori linahama kulia karibu na njia panda, lichukulie kama lori linalokwenda kushoto mpaka lenyewe likuoneshe vinginevyo.

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya barabara zetu finyu na madereva wetu wenye haraka. London nako wanaendesha kushoto, wana taa kwenye njia panda nyingi, wana njia za baiskeli zilizochorwa, na leseni haipatikani kirahisi. Hata hivyo, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo ilihesabu kwamba kati ya 2015 na 2017 malori makubwa yalihusika katika asilimia 63 ya ajali zilizoua waendesha baiskeli, ingawa malori hayo ni sehemu ndogo tu ya magari yanayopita mjini humo. Walipochunguza sababu walirudi palepale, kwenye kile ambacho dereva hakioni akiwa kitini. Tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia London bila kibali kinachopima ni kiasi gani dereva anaona kwa macho yake kupitia madirisha, na Oktoba 2024 masharti yakakazwa. Huo ni mji wenye fedha za kulazimisha malori yabadilishwe. Mwanza bado tunasubiri, na malori yanazidi. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 hivi, magari ya Sengerema na Geita hayakai tena foleni ya kivuko. Yanayotoka Shinyanga yanakata kushoto pale Usagara mfululizo, usiku na mchana, na mwenye baiskeli anayenyoosha kuja mjini anapita katikati ya kona hiyo.

Basi afanye nini? Kama unanyoosha, ondoka ukingoni kabla ya kona, uingie katikati ya njia yako, nyuma ya gari lililo mbele. Kipimo chake ni chepesi: namba ya gari la mbele iwe mbele ya pua yako. Ukiwa hapo, gari la mbele likikunja kushoto linakuacha na safari yako, na gari la nyuma haliwezi kukupita na kukukatia kwa sababu hujaliachia nafasi. Pia uko mahali ambapo macho ya dereva yamekwisha kuelekea, maana dereva hutazama njia ambayo gari lake litapita. Kuhama kwenyewe kuna utaratibu. Geuza kichwa juu ya bega la kulia utazame nyuma, kwa kuangalia kweli na si kwa kuonesha tu kwamba umeangalia. Nyoosha mkono wa kulia. Sogea taratibu, usichomoke kama kuku aliyefukuzwa. Ukishavuka kona, rudi kushoto uwapishe walioko nyuma. Yote hayo huchukua sekunde chache tu. Kama magari yamesimama kwenye taa au kwenye foleni, simama na wewe nyuma ya mojawapo. Usijipenyeze kushoto kwenda mbele, hata kama nafasi ipo na wenzako wanapita, hasa kama la mbele ni lori au basi. Na acha mwanya kidogo nyuma yake ili uvione vioo vyake vyote viwili, kwa kuwa usipokiona kioo cha dereva, naye hana namna ya kukuona ndani yake.

Utajuaje gari linataka kukunja? Taa ya indiketa ni ushahidi dhaifu. Kuna magari ambayo indiketa zake zilikufa zamani, na kuna madereva wanaoziwasha wakiwa wameshafika katikati ya kona. Isitoshe, kwenye barabara kuu indiketa imekuwa lugha nyingine kabisa: dereva wa lori huwasha ya kushoto kumwambia aliye nyuma apite, na ya kulia kumwambia asubiri. Aliye na baiskeli akiona taa ya kushoto ya lori hajui kama anaambiwa jambo au lori linakunja kweli. Tazama vitu visivyosema uongo. Tairi la mbele hupinda kabla gari halijapinda. Gari linalopunguza mwendo mahali pasipo na shimo, zebra wala foleni linapunguza kwa sababu fulani, na sababu hiyo mara nyingi ni kona. Kichwa cha dereva nacho huonekana kioo cha nyuma kikiwa safi. Akianza kuchungulia kushoto au kulia, mwili wa gari utafuata. Na ukikosa dalili zote, hesabu kwamba kila gari lililo sambamba nawe karibu na njia panda litakunja kuelekea kwako. Ukikosea kwa kufikiri hivyo, umepoteza sekunde chache tu.

Daladala inahitaji maneno yake, kwa sababu kona zake hazipo kwenye ramani. Abiria akigonga bati au konda akipiga kelele za kushusha, gari linakwenda kushoto papo hapo, kituoni au pasipo kituo. Kwa mwenye baiskeli hiyo ni kona sawa na nyingine, ila huja mara kumi zaidi kati ya Mabatini na Buzuruga. Usilipite daladala upande wa kushoto hata likiwa limesimama, kwani mlango uko huko na abiria hushuka bila kutazama. Ukitaka kulipita, pita kulia baada ya kutazama nyuma, ukiacha umbali wa mlango mzima. Ama subiri liondoke. Konda hapa anaweza kuwa rafiki badala ya adui: yuko mlangoni, upande wako, na dereva humsikiliza. Akikutazama usoni umeshapata kioo cha kushoto chenye akili. Kwa wale wanaobeba abiria kwenye karia, abiria asikae kama gunia. Yeye yuko huru kugeuka nyuma kuliko wewe, kwa hiyo mpe kazi ya kukuambia kinachokuja.

Kona ya pili kwa ubaya ni ya gari linalokuja mbele yako na kukata kulia, kuvuka njia yako. Dereva huyo anatafuta mwanya kati ya magari, na macho yake yanapima magari. Ukiwa umejibana kushoto mwa daladala inayokwenda polepole, yeye anaiona daladala ikimpisha kwa taa, anashukuru kwa mkono, anaingia, na wewe unatokea ubavuni mwa daladala kama mtu aliyezaliwa palepale. Ndiyo sababu foleni inayompisha mtu inapaswa kukutisha kuliko foleni inayokimbia. Magari yakisimama mbele ya mdomo wa barabara na kuacha uwazi, kuna anayepishwa. Punguza, shika breki, chungulia kabla ya kupita uwazi huo. Na hapa tena suala ni la mahali. Aliyekaa katikati ya njia huonekana mapema kwa anayekuja mbele, wakati aliye ukingoni hujificha nyuma ya kila bodaboda, kila meza ya machungwa na kila gari lililoegeshwa.

Wapo wanaoona jibu la yote haya ni kwenda kinyume, upande wa kulia, ili magari wayaone yakija. Wanasema watembea kwa miguu hufundishwa hivyo, na ni kweli hufundishwa. Lakini mtembea kwa miguu anakwenda polepole na husimama kwa hatua moja. Mwaka 1996 Heikki Summala na wenzake wa Finland walichapisha utafiti uliotumia kamera zilizofichwa kwenye njia panda mbili za Helsinki ili kuona madereva wanageuza vichwa wapi kabla ya kukunja. Huko wanaendesha kulia, basi igeuze picha kama kwenye kioo nawe utapata hali yetu. Dereva anayetoka barabara ya mtaa akitaka kukunja kushoto hutazama kulia, kwa sababu magari yanayoweza kumgonga yanatoka kulia. Kushoto hukutazama kidogo, na akichelewa. Sasa mwenye baiskeli anayekuja kinyume anatokea kushoto kwake, mahali pekee ambapo dereva hana habari napo, na gari linaanza kusogea wakati kichwa bado kimeelekea kwingine. Kuliona gari hakukusaidii kama lenyewe halikuoni na uko mbele yake. Hoja ya kwenda kinyume inashindwa hapo, nami sioni njia ya kuitetea.

Kuna saa ambazo hata dereva mwangalifu ni kipofu. Mwanza jua huzama karibu saa moja kasoro jioni mwaka mzima, likizidi au kupungua robo saa, na giza halichelewi kama kwenye nchi za kaskazini. Kuanzia saa kumi na moja na nusu, anayeendesha kutoka Igoma kuja mjini kwa Barabara ya Nyerere ana jua usoni. Saa hizohizo mamia ya watu wanarudi Nyakato na Igoma kwa baiskeli, wakimkabili. Anayekata kulia kuingia mtaani anavuka njia yao akiwa amefunga jicho moja. Dalili unayo chini ya miguu yako: kivuli chako kikitangulia mbele na kuwa kirefu, anayekuja mbele yako ana jua machoni, na usidhani amekuona hata kama anakutazama. Asubuhi mambo hugeuka kwa wanaokuja mjini. Mvua nayo ina yake. Breki za fito zinazobana ringi ya chuma, zile za baiskeli zetu nyingi, hupoteza nguvu vibaya ringi ikilowa. Katika vuli na masika anza kubana mapema ili ringi ifutike maji, na umbali wa kusimama uuhesabu mara mbili au zaidi. Kiakisi mwanga cha nyuma na taa ya mbele, hata ya dinamo, vinunue kabla ya rangi na maua ya plastiki.

Turudi kwenye pingamizi kubwa, ambalo najua limekuwa likimwasha msomaji tangu aya ya kwanza: nikitoka pembeni, Fuso la nyuma litanipitia. Hofu hiyo ni ya haki na sitaki kuidharau. Kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji, ambako malori yanaruhusiwa kilomita 80 kwa saa na mengine huzidisha, kaa kwenye bega la barabara na usijaribu ninayoyasema. Ushauri huu ni wa mdomo wa kona mjini, ambako magari yanapunguza, na ambako anayekuja nyuma anakuona mbele yake kwa muda mrefu. Aliye katikati ya njia ni kikwazo ambacho dereva lazima akitafakari. Aliye ukingoni ni kitu cha kupita bila kufikiri. Bado kuna siku magari ni mengi na hayaachi mwanya. Hapo usilazimishe. Simama kushoto kabla ya kona, shuka, sukuma baiskeli kama mtembea kwa miguu, vuka barabara ya mtaa ukiwa umetazama nyuma, kisha panda tena. Mwenye gunia la mkaa au tenga la samaki kutoka Mwaloni hawezi kuhamahama njia, na kwake hii ya kushuka ndiyo njia ya kawaida. Hakuna aibu ndani yake, ingawa vijana hudhani ipo.

Pingamizi la pili ni honi na matusi. Zitakuwepo. Dereva akikupigia honi, amekuona, na kuonekana ndiko tulikokuwa tunakutafuta. Anayesema sheria inakutaka ubaki kushoto anasema kweli, lakini sheria inazungumzia kushoto mwa barabara, haikuamuru uendeshe ndani ya mchanga na vifuu vya nazi kwenye ukingo wa mtaro. Baiskeli nayo ni chombo cha barabarani, na kukaa katikati ya njia ya kushoto ni kukaa kushoto. Uingereza, ambako tulirithi kuendesha upande huu, mwongozo wa barabarani uliorekebishwa Januari 2022 unawashauri wenye baiskeli wakae katikati ya njia wanapokaribia njia panda, na unawataka madereva wasimkatie mbele mwenye baiskeli anayenyoosha.

La tatu ni zito zaidi: kwa nini mzigo abebeshwe mwenye baiskeli? TANROADS na TARURA ndio wenye barabara, dereva ndiye mwenye tani za chuma, na maskini wa karia ndiye anayefundishwa adabu. Nakubali karibu yote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na asilimia 6 kati yao ni wenye baiskeli, watu ambao ni nadra wao kumuua mtu. Njia za baiskeli tuzidai, na tuzidai kwa wahandisi wanaojua kwamba mstari uliochorwa pembeni hauponyi kona. Mstari huo unamleta mwenye baiskeli palepale, kushoto mwa gari linalokunja. Waholanzi waligundua hilo, ndiyo maana kwenye njia panda zao nyingi kivuko cha baiskeli husogezwa ndani kwa urefu wa gari moja hivi, dereva awe amekwisha kukunja na kunyooka kabla hajakutana na baiskeli uso kwa uso. Hilo ni ombi la bei nafuu, na madiwani wa Ilemela na Nyamagana wanaweza kuulizwa juu yake. Lakini keshokutwa asubuhi utapita Mkuyuni kama ilivyo, na unayoyajua leo ndiyo utakayokuwa nayo.

Kwenye kipilefti sheria ya namba na pua inafanya kazi zaidi ya mahali pengine, kwa kuwa kutoka kwenye kipilefti kwa kila gari ni kukata kushoto. Anayezunguka na baiskeli akiwa amejibana ukingo wa nje hukatiwa na kila anayetoka. Zunguka katikati ya njia, usogee kushoto ukifika tokeo lako. Kama mwili au mzigo haukuruhusu, shuka uvuke kwa miguu. Na wewe mwenyewe ukitaka kukata kulia kwenye barabara pana, usijivunie ujasiri: nyoosha mpaka uvuke barabara ya pembeni, simama kushoto, geuza baiskeli, vuka pamoja na watembea kwa miguu kwenye zebra. Unachelewa kidogo, lakini unaepuka kusimama katikati ya barabara huku magari yanapita mbele na nyuma yako.

Kwako dereva, ombi ni moja. Ukiona baiskeli mbele yako na kona yako iko karibu, usiipite. Kaa nyuma yake, iache ivuke, kisha ukate kushoto ukiwa umetazama kioo mara ya pili. Barabara ya mtaa yenye upana wa mita 12, baiskeli huivuka kwa sekunde 3.